Kulala Puerto Nariño: Ushauri kwa Msafiri wa Mto Amazon

Puerto Nariño ni mji mdogo ulioko kusini kabisa mwa Kolombia, kwenye ukingo wa mto Loretoyacu, karibu na mahali mto huo unapoingia katika mto Amazon. Mji huu ulianzishwa mwaka 1961 na kupewa hadhi ya manispaa mwaka 1984, na wakazi wake wengi ni wa jamii za asili za Waticuna, Wacocama na Wayagua, ambazo zilikuwapo katika bonde hilo kabla ya mipaka ya nchi kuchorwa. Hakuna barabara inayoufikia kutoka upande wowote, na ndani yake magari na pikipiki za watu binafsi haziruhusiwi, hivyo watu hutembea kwa miguu kwenye vijia vya saruji vinavyopita kati ya nyumba za mbao na miti ya matunda. Wageni wengi hufika asubuhi, wakapanda mnara wa kutazamia msitu, wakala chakula cha mchana na kurudi walikotoka kabla jua halijazama. Makala haya yanashikilia kwamba ziara ya namna hiyo ina faida ndogo kwa mgeni na ndogo zaidi kwa mwenyeji, na kwamba anayetaka kweli kuujua mji wa ukingoni mwa Amazon hana budi kulala hapo siku tatu au nne. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya msimamo huo.

Lango la kuingilia ni Leticia, makao makuu ya mkoa wa Amazonas, ambayo nayo haina barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za Kolombia, kwa hiyo msafiri hufika kwa ndege kutoka Bogotá, safari ya takriban saa mbili. Kolombia inamiliki kilometa 116 tu za ukingo wa mto Amazon, na hata hizo zilipatikana kwa shida: mkataba wa mwaka 1922 kati yake na Peru ndio ulioipa eneo hilo, na vita vya mwaka 1932 hadi 1933 vikapiganwa kabla ya Peru kuliachia kabisa. Matokeo yake ni kwamba Leticia imeungana na mji wa Tabatinga wa Brazili, mtaa mmoja ukianzia nchi moja na kuishia nchi nyingine, ilhali ng'ambo ya maji kuna kisiwa cha Santa Rosa kilicho chini ya Peru. Mtu anaweza kuvuka kwenda kununua mkate Tabatinga na kurudi bila kuulizwa, lakini anayekusudia kuendelea mbele, kwa mfano kuteremka kwa meli hadi Manaus au kupanda hadi Iquitos, ni lazima agongewe mhuri wa kutoka nchi moja na wa kuingia nyingine, na uzembe katika jambo hilo humletea taabu kubwa mbali sana na ofisi iliyopaswa kulimaliza. Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki, masharti ya viza ya kila moja ya nchi hizo tatu yaulizwe ubalozini mapema, kwa kuwa hubadilika na hayafanani.

Kutoka Leticia hadi Puerto Nariño ni takriban saa mbili kwa boti ya kasi inayopanda mto. Tiketi ya boti ya asubuhi inafaa kununuliwa siku moja kabla, mzigo uwe mwepesi kwa sababu nafasi ni ndogo, na kila kitu kisichotakiwa kulowana kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito. Jaketi la kuokolea livaliwe muda wote na si kuwekwa miguuni, kwani mto hubeba magogo mazima yaliyong'olewa kingoni, ambayo huelea nusu yakiwa chini ya maji na hayaonekani hadi yamekaribia. Kwa sababu hiyohiyo, safari ya usiku katika chombo kidogo ni ya kukataa hata kama mwendeshaji ameikubali.

Jambo ambalo msafiri hulidharau zaidi ni kimo cha maji, nalo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine. Mvua katika eneo hilo huzidi milimita 3,000 kwa mwaka na hunyesha katika miezi yote, kwa hiyo swali la kawaida la kutafuta majira ya kiangazi halina maana sana huko. Swali lenye maana ni mto umejaa au umepungua. Maji yanayopita mbele ya Leticia hutoka kwa wingi katika milima ya Andes na mabonde ya Peru, na huchukua wiki nyingi kuteremka, ndiyo maana mafuriko hufikia kilele kati ya Aprili na Mei, ilhali maji hushuka kabisa kati ya Agosti na Oktoba, tofauti ya kimo kati ya nyakati hizo mbili ikiweza kufikia mita 10. Nguzo za nyumba za kando ya mto hubaki na alama za matope za miaka iliyopita, moja juu ya nyingine, na mgeni anayetaka kuelewa mahali alipo hana haja ya chombo cha kupimia. Azitazame nguzo hizo, kisha ageuke na kuangalia maji yako wapi siku hiyo.

Tofauti hiyo hubadilisha ziara yenyewe. Maji yanapojaa, mtumbwi huingia ndani ya msitu na kupita kati ya vigogo, na mgeni huwa karibu na matawi ambako nyani, ndege na mijusi hukaa. Msitu wa aina hiyo, unaofurikwa kila mwaka na maji mazito yenye tope la Andes, huitwa várzea, na ule unaofurikwa na maji meusi yaliyochujwa na majani yaliyooza huitwa igapó. Maji meusi yana tindikali nyingi na virutubisho vichache, hivyo mbu huzaliana humo kwa uchache zaidi, jambo ambalo mtu anayechagua mahali pa kulala anaweza kulizingatia. Maji yanapopungua, fukwe za mchanga hutokeza, samaki hubanana katika mabwawa, ndege walao samaki huja kwa makundi, na njia za kutembea kwa miguu msituni hukauka kiasi cha kupitika. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, miezi ya Aprili hadi Juni ndiyo bora, kwa sababu msitu uliofurika ni kitu kisichopatikana kwingineko kwa urahisi, ilhali kutembea msituni kunawezekana katika nchi nyingi. Mwezi Juni na Julai hutokea siku chache za baridi, hewa ya kusini mwa bara inapopanda hadi ikweta, kwa hiyo sweta moja jepesi si mzigo wa bure.

Hata hivyo, kalenda hiyo haiaminiki tena kama zamani. Ukame wa mwaka 2023 na ule wa 2024 uliteremsha mito ya bonde lote: kipimo cha mto Negro huko Manaus, kinachosomwa tangu mwaka 1902, kilishuka mwaka 2023 chini ya kiwango chochote kilichowahi kuandikwa, na mwaka uliofuata kikashuka tena zaidi. Katika ziwa Tefé nchini Brazili zaidi ya pomboo 100 walikufa mwaka 2023 baada ya maji kupata joto lisilo la kawaida. Vijiji vilivyotegemea mto kwa chakula, shule na hospitali vilijikuta mbali na maji, na watu wakabeba mitungi kwa miguu juu ya matope yaliyopasuka. Anayepanga safari kati ya Agosti na Oktoba, basi, aulize kwanza hali ya mto kwa mwenyeji wa nyumba atakayofikia, na akiambiwa kwamba maji ya kunywa ni haba, aahirishe, kwani mgeni katika hali hiyo ni mdomo wa ziada.

Katika suala la afya, msafiri kutoka Afrika Mashariki huwa na hatari ya pekee, nayo ni kujiamini. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti chake huanza kuhesabiwa halali baada ya muda huo, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Kadi hiyo hutakiwa pia wakati wa kurudi, kwa maana Tanzania na Kenya huwadai cheti wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na Kolombia, Brazili na Peru zote zimo katika orodha. Malaria nayo ipo, lakini vimelea vinavyotawala huko si vile vilivyozoeleka Tanzania au Kenya. Sehemu kubwa ya malaria ya Amazon husababishwa na Plasmodium vivax, kimelea kinachoweza kulala ndani ya ini na kuamka wiki au miezi mingi baadaye, na ambacho huhitaji dawa ya ziada ya kukifukuza humo, kama primakwini, inayotolewa baada ya kupima upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao si adimu miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana katika chembe zao nyekundu protini iitwayo Duffy, ambayo kimelea hicho huitumia kama mlango, na kwa hiyo wana kinga kubwa dhidi yake. Lakini kinga hiyo si kamili, si kila msomaji anayo, na Plasmodium falciparum, kimelea kinachoua zaidi, kinapatikana Amazon pia. Chandarua, mikono mirefu jioni na dawa ya kinga iliyoandikwa na daktari ni mambo ya lazima, na yeyote atakayepata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi amwambie daktari wazi kwamba alikuwa Amazon, maana bila taarifa hiyo daktari wa nyumbani atatafuta kile anachokijua.

Hatari nyingine zinahitaji maneno machache tu. Kichaa cha mbwa husambazwa huko na popo wanyonya damu, kwa hiyo jeraha lolote la popo huoshwa kwa sabuni na kupelekwa kituo cha afya bila kungoja. Taa wa maji baridi hujifukia kwenye mchanga wa kina kifupi, na anayeingia majini aburuze nyayo badala ya kuzinyanyua ili samaki huyo aondoke kabla ya kukanyagwa. Maji ya kunywa yachemshwe au yachujwe. Nyumba nyingi za mjini hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mapaa, na mgeni aoge kwa kiasi akijua hivyo.

Kuhusu watu wenyewe, inafaa mgeni ajue kwamba ameingia katika ardhi yenye wenyewe kisheria. Sehemu kubwa ya manispaa hiyo ni resguardo, yaani ardhi ya pamoja inayomilikiwa na jamii za asili kwa hati isiyouzika, na kila kijiji kina kiongozi wake aitwaye curaca, ambaye idhini yake huombwa kabla ya kutembelea kijiji, si baada ya kufika na kamera mkononi. Waticuna, walio wengi zaidi, wametawanyika katika nchi zote tatu, na lugha yao, ambayo maana ya neno hubadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti, haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha yoyote hai. Kihispania hutosha kwa mazungumzo ya kila siku, ilhali Kiingereza hakitoshi, hivyo wiki chache za kujifunza salamu, hesabu na majina ya vyakula ni matayarisho yenye faida kuliko kununua vifaa vya safari.

Tahadhari ambayo jamii nyingi za Amazon huwa nayo mbele ya wageni ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya mpira wa porini iliwageuza watu wa bonde la mto Putumayo, kaskazini mwa hapo, kuwa watumwa wa madeni na mijeledi, na taarifa iliyofichua mateso hayo kwa ulimwengu, iliyochapishwa mwaka 1912, iliandikwa na Roger Casement, mtu yuleyule ambaye mwaka 1904 alikuwa ameandika juu ya ukatili wa mpira katika Kongo ya mfalme Leopold. Msomaji wa Kongo ataitambua hadithi hiyo bila kuelezwa, na huenda akawa na mengi ya kuzungumza na mzee wa Putumayo kuliko mtalii wa mahali pengine popote. Ni busara, basi, kutopiga picha ya mtu bila kumwomba, kutogawa pesa au pipi kwa watoto, na kutoomba kuonyeshwa sherehe za unyago wa wasichana wa Kiticuna kana kwamba ni maonyesho ya jukwaani. Kadhalika kinywaji cha yagé, ambacho waganga hukitumia katika tiba na ibada, kisinywewe kwa udadisi. Kina kemikali zinazoweza kudhuru vibaya mtu anayetumia dawa za sonona, na wauzaji wake wa mitaani si waganga.

Kilele cha ziara ni maziwa ya Tarapoto, yaliyo umbali mfupi kwa mtumbwi wa injini kutoka mjini, ambayo mwaka 2018 yaliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zenye umuhimu wa pekee, yakiwa ya kwanza katika Amazon ya Kolombia. Hapo huishi aina mbili za pomboo wa mtoni: yule mdogo wa kijivu, na yule wa rangi ya waridi ambaye mifupa ya shingo yake haikuungana, hivyo aweza kugeuza kichwa na kuwinda samaki kati ya vigogo vya msitu uliofurika. Wote wawili wamo hatarini, kwa sababu ya nyavu, joto la maji, na desturi iliyoenea wakati fulani ya kuwaua ili nyama yao iwe chambo cha samaki aina ya kambare aitwaye mota, ambaye Kolombia ilipiga marufuku kumuuza mwaka 2017. Katika maji hayohayo huishi nguva wa Amazon, ndugu wa mbali wa nguva wa Bahari ya Hindi, ingawa kumwona ni bahati kubwa. Pembezoni hukua yungiyungi kubwa sana, ambalo jani lake hupita mita moja na nusu kwa upana na upande wake wa chini una mbavu na miiba. Ua lake hufunguka likiwa jeupe usiku wa kwanza, huwafungia mbawakawa ndani yake hadi kesho yake, na usiku wa pili hufunguka tena likiwa la waridi na kuwaachia wakiwa wamejaa chavua. Mgeni wa siku moja, ambaye hulazimika kurudi kabla ya machweo, halioni likifunguka.

Mtumbwi ukodiwe kwa mwenyeji wa mji na si kwa wakala wa mbali, safari ianze alfajiri, na mwendeshaji aombwe kuzima injini katikati ya ziwa na kukaa kimya kwa muda, kwani pomboo husikika wakipumua kabla ya kuonekana. Asiombwe kuwafukuza wala kuwalisha. Ukataaji huo uwe mkali zaidi pale mgeni anapopewa mnyama wa kushika: katika baadhi ya vituo vya njiani, nyani mvivu, chatu wa majini na mamba wachanga hukamatwa msituni na kufungwa kamba ili wageni wapige nao picha, na wengi hufa baada ya muda mfupi. Kila anayelipa hugharimia kukamatwa kwa mnyama mwingine.

Chakula hakitamshangaza sana mtu wa pwani. Muhogo, ambao Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika ya Kusini, uko nyumbani kwake hapo, na ule mchungu, wenye sumu, hutayarishwa kwa ustadi unaostahili kutazamwa kwa utulivu: mizizi huloweshwa na kukunwa, kisha unga mbichi hujazwa ndani ya mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa ukindu wa msituni, mfuko unaning'inizwa kwenye mwamba wa paa, na mti unapitishwa katika kitanzi cha chini ili mtu aukalie, uzito wake huuvuta mfuko ukarefuka na kusinyaa, na maji yenye sumu yakachuruzika. Kinachobaki hukaangwa juu ya sahani kubwa ya chuma, kikigeuzwa kwa kasia bila kupumzika, hadi kiwe chembe ngumu za manjano ziitwazo fariña, ambazo hunyunyizwa juu ya samaki na supu. Samaki waliofungwa katika majani na kuchomwa kwenye makaa ndio mlo wa kuagiza, na msafiri Mwislamu, ambaye nyama iliyochinjwa kwa taratibu zake atapata kwa shida, atashiba kwa samaki, mayai, ndizi na muhogo. Kabla ya kuagiza pirarucu, samaki mkubwa anayepanda juu kuvuta hewa, mgeni aulize kama ni msimu wa kumvua, kwa maana kuna miezi ambayo hufungiwa ili azaliane.

Fedha taslimu zichukuliwe Leticia, kwa noti ndogo, kwani mashine za benki mjini Puerto Nariño si za kutegemewa na wachongaji na wasusi hawana chenji. Vya kununua ni vikapu na mikoba ya nyuzi za chambira, mti wa jamii ya minazi, na vitambaa vya magome ya mti vilivyochorwa kwa rangi za mimea, ambavyo Mganda aliyezoea lubugo atavitambua mara moja. Visivyonunuliwa ni manyoya, meno na ngozi za wanyama, ambavyo hukamatwa mipakani. Betri na plastiki alizokuja nazo mgeni azirudishe Leticia, kwa kuwa kila taka inayobaki mjini hapo lazima iondolewe kwa boti au ifukiwe.

Mwenye siku moja tu ya kutoa kwa Amazon afadhali abaki Leticia, atembelee soko la samaki, avuke kwenda Tabatinga na kurudi, na Puerto Nariño aiache hadi atakapopata nafasi ya kulala.